Bakuli Lililorudi Tupu

Iyunga, Mbeya
Jumamosi, alasiri

Atuganile mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana nakusikia. Uko uani kwa Mama Jofu, umebanwa katikati ya magoti yake unasukwa, na kila akivuta nywele unapiga kelele halafu unacheka. Amekuahidi mistari ya kulala nyuma ili kesho ukishuka kwenye basi mama yako akuone uso wote. Kwa jinsi Mama Jofu anavyopenda kusimamisha kazi aongee, nadhani nina muda mpaka jua liguse ile mikaratusi ya barabarani. Nautumia kukuandikia.

Unanijua. Maneno yangu yakipita mdomoni hukwama. Nikienda dukani kununua chumvi nairudia sentensi njia nzima, na nikifika namwonyesha muuzaji kwa kidole. Kwenye karatasi angalau nikikosea nafuta. Kwa hiyo usishangae kwamba mtu unayelala naye kitanda kimoja anakuandikia barua wakati uko nyuma ya ukuta tu.

Sitaandika habari za sweta, wala za kutotoa mkono dirishani, wala za kumsalimia kila mtu mzima utakayemkuta Ilula kwa mama yako. Hayo Bibi ameshayasema, na kwa kuwa anakupeleka mwenyewe atayarudia kutoka hapa mpaka Makambako. Ninachotaka kuandika ni kuhusu jambo ulilolisema jana.

Tulikuwa tunapanga begi lako. Nililishusha lile bakuli la kijani la mama yako kutoka juu ya kabati ili nilifute vumbi, nikakuambia utakwenda nalo. Ukaendelea kukunja soksi, hata hukuniangalia.

"Mama mdogo, hilo mimi silibebi."

"Kwa nini?"

"Nililibeba siku ile, ndiyo mama akaondoka."

Ulisema kwa sauti ileile unayotumia kusema kwamba sabuni imekwisha. Mimi nikajibu, "Usiseme hivyo," halafu nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Nilisimama pale kwenye kamba nimeshika gauni lako lenye maji, nikawaza: mtoto huyu amekaa na jambo hili muda wote huu, na mimi niliye karibu naye kuliko mtu yeyote sikuliona.

Niko karibu nawe, hilo nalisema bila aibu. Wasichana wa darasani kwetu hucheka wakikusikia unaniita mama na mimi nimevaa sare ya shule. Wacheke. Kwetu mdogo wa mama ni mama. Ulipozaliwa nilikuwa mdogo kama ulivyo wewe leo, na mama yako alipokuwa akishinda Mwanjelwa kwenye biashara yake, mimi nilikubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inagonga magoti yangu. Nilikufundisha kusoma kwa karatasi za gazeti zilizofungia maandazi. Sijui kupika vizuri, siwezi kugombana na mtu kwa ajili yako, lakini kusoma ulikupata kwangu.

Basi nisomee hili vizuri, kama ninavyokuambia siku zote, polepole mpaka mwisho wa sentensi: mama yako hakuondoka kwa sababu yako.

Sasa nikueleze yaliyokuwa yanaendelea juu ya kichwa chako.

Unakumbuka chumba chenu kilivyokuwa. Mama yako alikuwa anauza tekawei kwa jumla na rejareja, vile visanduku vyeupe vyepesi vya kuwekea chipsi, vinavyopasuka ukivibonyeza kwa kidole. Marobota yalipanda mpaka darini. Ulipenda kusugua viwili pamoja ili vilie, na mimi meno yakinisisimka nilikufukuza chumba kizima. Ulitengenezea wanasesere wako vitanda, na Bibi akifagia alikuta punje nyeupe mpaka kwenye unga wa ugali. Hatukulalamika sana. Viatu vyangu vya shule vilitoka kwenye hizo tekawei. Kamusi yangu pia. Hata taa ninayosomea. Hilo lishike, maana nalihitaji mbele.

Bibi hakuzipenda tangu mwanzo, na wala si kwa sababu ya mazingira. Unamjua na vyombo. Kwake yeye sahani ya jirani iliyoleta chakula hairudishwi tupu. Hata kama nyumbani hakuna kitu, atatia limau, au chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini, na yeye akanijibu huku akitafuta kitunguu cha kumwekea Mama Jofu: "Ukirudisha hewa, umemwambia basi, tumemalizana." Kisha tekawei zikaja, na majirani wakaanza kuletewa na kupeleka chakula ndani yake. Hakuna kilichorudi kwa mtu. Siku moja Mama Jofu alituletea pilau kwenye tekawei, Bibi akala, akakaa akikiangalia kile kisanduku chenye mafuta.

"Hiki nacho nikijaze nini? Kimeshapasuka."

"Si unatupa tu, mama," mama yako akamwambia.

"Ndiyo hapo sasa. Tunatupana."

Mama yako alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa na kicheko kikubwa. Natumaini bado anacho.

Halafu ikaja ile mvua iliyoingia nyumbani kwa Mama Jofu. Ulikuwa umelala, sisi tulikuwa tunatoa magodoro. Asubuhi wanaume walishuka mtaroni na majembe, na walichokuwa wanakitoa kilikuwa cheupe. Kilijaa kwenye mdomo wa kalavati kama mvua ya mawe isiyoyeyuka. Mama Jofu alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kitenge chake kimelowa mpaka kiunoni, hasemi. Ukimjua Mama Jofu, kunyamaza kwake kulitisha kuliko maji.

Nilikuwa mwanachama wa klabu ya mazingira shuleni, aina ya mwanachama anayekaa mwisho na kuandika kumbukumbu za mkutano. Baada ya mvua ile niliandika insha. Hakuna aliyeniagiza. Mwalimu wetu wa jiografia aliisoma, na wiki hiyohiyo gari la matangazo likaanza kupita likisema kwamba halmashauri imepiga marufuku tekawei za aina ile, pamoja na vikombe vyake na vifungashio vyake, na kwamba wenye mizigo watapewa muda wa kuimaliza. Kata ikaitisha mkutano wa hadhara kueleza. Mwalimu akasema, "Sekela, utasoma insha yako pale." Nilitaka ardhi inimeze. Lakini, mwanangu, nilitaka pia kusoma. Mtu mwenye aibu si kwamba hataki kusikiwa.

Jioni moja kabla ya mkutano, mama yako alikuja jikoni na karatasi ya tangazo aliyopewa sokoni. Alikaa kwenye kigoda, akaninyooshea.

"We msomi wetu, hebu nisomee. Tumebakiziwa muda gani?"

Nikamsomea. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Si mbaya. Huu mzigo nikiumaliza nahamia kwenye mifuko ya karatasi. Au vyombo vya bati. Watu watarudi kutembea na vyombo vyao, utaona. Mama atafurahi mpaka acheze."

"Ni kweli," nikasema.

"Na wewe unasoma lini hiyo hotuba yako?"

"Kesho kutwa."

"Nafunga kibanda, nakuja. Nivae kile kitenge cha harusi?"

"Vaa."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Insha ilikuwa ndani ya begi langu la shule, kwenye msumari, juu kidogo ya kichwa chake. Kulikuwa na aya moja inayomhusu. Ningeweza kuitoa pale, nikasema dada, sikiliza hiki, je, nikiseme? Angecheka, au angenikaripia, au angesema ongeza kwamba ninahamia kwenye karatasi. Sikuitoa. Nilijiambia kwamba sijamaliza kuinakili kwa mwandiko mzuri.

Mkutano ulikuwa uwanjani, mbele ya ofisi ya kata. Ulikuwepo, ulikaa mapajani mwake. Sijui unakumbuka nini. Mimi nakumbuka upepo ukitaka kuninyang'anya karatasi. Nilisoma habari ya mtaro na ya godoro la Mama Jofu, na watu wakaanza kunyamaza. Ni kitu kitamu sana kunyamaziwa na watu wengi, Atu, hasa kwa mtu ambaye kila siku anaambiwa paza sauti. Ndipo nikaifikia ile aya. Niliandika hivi: kwamba tusilaumu viwanda vya mbali, kwa kuwa hata nyumbani kwetu kuna chumba kilichojaa tekawei mpaka darini, na kwamba dada yangu mwenyewe anaziuza akijua zinakoishia.

Vichwa viligeuka vyote kumtafuta. Kitenge cha harusi kilionekana vizuri.

"Kumbe mafuriko yana mwenyewe!" kijana mmoja muuza chipsi akapaza sauti kutoka nyuma. "Mama Atu, dogo kakuchoma laivu!"

Watu wakacheka. Walikuwa watu wanaomjua, wengi ni wateja wake, na yule kijana aliyepiga kelele alikuwa akichukua kwake mzigo kila Jumatatu. Mama yako alitabasamu. Alikushika vizuri mapajani, akakuweka sawa kola ya gauni, akabaki ametabasamu mpaka nikamaliza. Alipiga makofi pia.

Sikuandika uongo, na nataka ulielewe hilo kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa mimi. Kila neno lilikuwa kweli. Ila nilikuwa najua mambo mawili mengine ya kweli, kwamba anapanga kuacha na kwamba viatu nilivyosimama navyo pale mbele vilitokana na biashara ile, na yote mawili niliyaacha nje. Niliyaacha kwa sababu aya ilisikika vizuri zaidi bila hayo. Ilikuwa kali. Nilipoisoma peke yangu chumbani nilijisikia kama mtu jasiri. Leo najua ujasiri ungekuwa kumsomea mtu mmoja jikoni, aliyekaa kwenye kigoda. Kuwasomea watu uwanja mzima kulikuwa rahisi zaidi.

Nyumbani nilimsubiri anigombeze. Alipofika alivua kitenge, akakikunja, akasema, "Umesoma vizuri. Sauti imefika mpaka nyuma." Basi. Nilitamani apige kelele. Mtu akikupigia kelele unapata nafasi ya kulia au kujibu. Mimi nilisema, "Asante dada," nikaenda kufungua daftari la hisabati.

Mengine uliyaona kwa macho yako. Sokoni walimgeuza utani. "Mama Atu, nipe mafuriko mawili ya chipsi kavu!" Wengine waliogopa kuonekana wananunua kwake ingawa muda wa kumaliza mizigo ulikuwa haujaisha, wakanunua mtaa wa pili. Bwana afya wa kata alikuja nyumbani kuangalia kile chumba, kwa adabu tu, akasema ameambiwa na watu. Mzigo haukutoka. Muda ulipokwisha, mama yako aliuwasilisha mwenyewe kama walivyoelekezwa, robota kwa robota, na ile mifuko ya karatasi aliyotaka kuhamia hakuwa tena na kitu cha kuianzia. Akapanga chumba kule karibu na soko, akawa anapikia watu wa magenge. Wewe ukabaki kwetu kwa ajili ya shule, ukawa unakwenda kwake Jumapili.

Sasa tufike kwenye bakuli.

Jumapili ile ulirudi nalo limejaa ndizi na maharage, zile anazozipika mpaka zinakuwa laini kama siagi. Uliniambia, "Mama kasema hizi ni zako peke yako." Si za nyumba. Zangu. Nilizila zote huku nimeshika kitabu, na nilijua ninachokula. Alikuwa ameanza yeye, mkubwa, aliyekosewa.

Wiki nzima bakuli lilikaa dirishani limeoshwa, na wiki nzima nilifikiria niweke nini. Kitunguu nikakiona kidogo. Mayai ya Bibi nikasema atadhani namhonga. Nikaamua niandike barua ya kumwomba radhi, niikunje, niiweke ndani. Niliianza mara nyingi. Kila nikiisoma naona sentensi fulani si nzuri, nachana. Unaona ujinga wa mtu anayesoma sana? Nilikuwa nasahihisha msamaha kama insha. Jumapili ikafika, umeshavaa, umesimama mlangoni na kandambili zako, unasema, "Mama mdogo, nachelewa." Nikaangalia meza, hakuna kitu juu yake ila karatasi zilizochanwa. Nikakupa bakuli. Nikasema, "Mrudishie mama chombo chake."

Bibi alikuwa kanisani. Angekuwepo angelifungua kabla hujavuka kizingiti.

Jioni nilikuuliza mama yuko vipi, ukasema yuko mzima. Nikakuuliza alisemaje kuhusu bakuli. Ukasema: "Alifungua mfuniko akaangalia ndani. Akafunga. Akasema haya."

Hilo neno "haya" nimelibeba tangu siku hiyo. Sikujua kwamba na wewe umelibeba.

Chumvi ingetosha, Atu. Chumvi kidogo tu kwenye kipande cha karatasi, angeelewa. Sikuwa na haja ya sentensi nzuri. Nilitaka kurudisha kitu kinacholingana na kosa, na kwa kuwa hakikuwepo, sikurudisha chochote. Katika vitu vyote ninavyojutia, hiki ndicho kidogo kuliko vyote na ndicho kinachoniuma zaidi. Ile insha niliisoma kwa sababu niliamini jambo. Bakuli nililirudisha tupu kwa sababu ya woga tu.

Aliondoka kwenda Ilula baadaye, kwa rafiki yake anayeuza nyanya pale barabarani. Alimwachia Bibi bakuli. "Hili libaki huko," alisema. Bibi akaliweka juu ya kabati, akaniangalia, akauliza, "Lilirudi tupu?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akaenda kupepeta maharage yake mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo ukitaka kujua ni nini kilichomwondoa, ni hivi: mzigo uliokwama, utani wa sokoni, kodi ya kibanda, uchovu. Na mdogo wake. Sehemu yangu katika hayo naijua, na ninaandika ili isikae tena mikononi mwako. Wewe ulikuwa mtoto aliyetumwa akaenda. Ulilishika vizuri, hukuliangusha, ulifika. Hakuna kingine ulichotakiwa kufanya siku ile.

Utakuwa mkubwa, na labda siku moja utaniuliza kama najuta kuunga mkono ile marufuku. Hapana. Mvua za mwaka huu ziliposhuka mtaro ulipitisha maji, na Mama Jofu alilala kwenye godoro kavu akatusumbua kwa nyimbo alfajiri. Na yule kijana wa chipsi aliyepiga kelele? Juzi nimemkuta anamfokea mteja, "Chombo chako kiko wapi, mama? Nikumwagie kwenye kiganja?" Watu wanatembea na mabakuli kwapani. Bibi anarudishiwa sahani zenye ndizi ndani. Kila kitu mama yako alichokisema jikoni kimetokea, ila yeye hayupo kukiona. Ningeandika insha ileile leo. Ningeanza tu kwa kumsomea yeye, na kama angesema futa, tungebishana, na nadhani ningefuta.

Anapopiga simu anaongea na wewe, anaongea na Bibi, halafu anauliza, "Msomi hajambo?" Bibi ananinyooshea simu, mimi natikisa mkono kwamba naosha vyombo, naenda shule, niko msalani. Alipopiga kusema, "Mleteni mwanangu, nimepata chumba kizuri na shule iko karibu," niliisikia furaha yako kabla ya kuisikia habari yenyewe. Uliruka mpaka ukagonga kichwa kwenye kabati. Nilifurahi pamoja nawe, na usiku ule niliyahesabu madaftari yako kwa mkono gizani kana kwamba yangepungua.

Bibi aliniuliza kama nataka kwenda nanyi. Nikasema nina mtihani Jumatatu. Ni kweli ninao. Ni kweli vilevile kwamba mwalimu angeniruhusu kama ningemwomba, na kwamba sikumwomba. Nakuambia hili usije ukafikiri barua hii imeandikwa na mtu aliyekwisha kupona. Bado mimi ni yule wa kuonyesha chumvi kwa kidole.

Lakini leo asubuhi, ulipokwenda kuwaaga wenzako, niliingia jikoni. Nilivunja mahindi mabichi ya Bibi, nikayasaga, nikayafunga kwenye majani ya mgomba kama mama yako alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa darasa la kwanza narudi shule nalia kwa sababu hakuna niliyeongea naye. Mkate wa kwanza haukuiva katikati. Bibi alifungua jani, akauchoma kwa kijiti.

"Huu ni mkate au ni uji uliovaa nguo?"

"Mama, usinicheke, nina haraka."

"Haraka ya nini, na basi ni kesho? Rudisha sufuria. Na moto uupunguze, huo unachoma mkaa siyo mkate."

Wa pili umeiva. Upande mmoja umeshikilia jani kidogo. Nimeukata vipande, nimevipanga ndani ya bakuli na majani yake, nimefunika. Nilianza kuandika kikaratasi cha kuweka juu, nikaona nimeshaanza kutafuta sentensi nzuri, nikakichana nikawashia jiko. Utakwenda mkate peke yake.

Ulisema hulibebi. Sitakulazimisha, Bibi anaweza kuliweka kwenye kikapu chake. Ila nakuomba, na nakuomba wewe kwa sababu ni wewe uliyeona alivyofunga ule mfuniko. Sitaki hiyo iwe mara ya mwisho unayoikumbuka. Likae mapajani mwako, si kwenye buti la basi. Ukifika mpe, hata kabla hajamaliza kukukumbatia. Usimwambie chochote kwa niaba yangu. Akiuliza nani kapika, mwambie, na mwambie na habari ya uji uliovaa nguo, anapenda kucheka. Asipouliza, usiumie. Bakuli likishakuwa mikononi mwake ni lake. Kama litarudi Mbeya, na lini, na likiwa na nini, hilo ni la kwake kuamua, wala si kazi yako kulisubiri. Wewe mtazame tu usoni atakapofungua.

Namsikia Mama Jofu anakuambia usitikise kichwa, amebakiza mstari mmoja. Jua limeshafika kwenye mikaratusi. Nitakupa barua hii ukimaliza kuoga, nami nitakwenda kukaa nje ili usome bila kuniona ninavyokuangalia.

Bakuli liko juu ya begi lako. Safari hii ni zito, mwanangu. Lishike kwa mikono miwili.

Mama yako mdogo,
Sekela